Kalamu au kompyuta mpakato kwenye mhadhara?

Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti ulioipa kalamu sifa kubwa. Wanafunzi walioandika notsi kwa mkono waliwapita waliochapa kwa kompyuta kwenye maswali ya kuelewa dhana. Maelezo yao ni kwamba anayechapa hunakili neno kwa neno. Mwenye kalamu hamfikii mhadhiri kwa kasi, kwa hiyo hulazimika kuchuja, na kuchuja ni kufikiri.

Hoja hiyo ina mashiko, ila imebebeshwa mzigo kuliko inavyoweza. Watafiti wengine walilirudia jaribio hilo, na matokeo yao ya 2021 yalionyesha kuwa wachapaji bado walinakili zaidi, lakini pengo la alama halikuonekana wazi. Kupiga marufuku kompyuta darasani kwa kutegemea utafiti wa kwanza pekee ni kumwonea mwanafunzi, hasa yule ambaye mkono wake una ulemavu au huchoka upesi.

Hatari ya kompyuta ninayoiogopa zaidi ni nyingine. Utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa 2013 uligundua kuwa waliofanya mambo mengine kwenye kompyuta wakati wa mhadhara walipata alama za chini, na hata waliokaa mahali pa kuona skrini hizo walishuka. Huyu wa pili hakuchagua lolote, ilhali anaumia. Kwa maoni yangu, wanaochapa wangekaa nyuma, intaneti ikiwa imezimwa.

Hata hivyo, pande zote mbili hubishania saa moja ya mhadhara na kuzisahau wiki zinazofuata. Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell alieneza mtindo wa kugawa ukurasa: notsi kulia, maswali kushoto, muhtasari chini. Nguvu yake iko baadaye, pale unapofunika upande wa kulia na kujijibu kwa kichwa. Kujipima hivyo hukaza kumbukumbu kuliko kusoma tena na tena. Mchapaji mwenye kurasa tele akijiuliza maswali jioni ileile atamwacha mbali mwenye daftari zuri asilolifungua hadi wiki ya mtihani.

Mimi bado ningechukua kalamu kwenye hesabu na kemia, kwa sababu michoro na milinganyo haiingii upesi kwenye kibodi. Kwenye historia au sheria, zenye maelezo marefu, ningechapa bila wasiwasi.