"Wenzetu wanajua kutunza": maneno nisiyoyakubali nikiwa juu ya ukuta wa Rothenburg

Kila mgeni wa kutoka pwani ninayempeleka Rothenburg ob der Tauber, mji wa kale wa Ujerumani, husema maneno yale yale kabla hatujamaliza kupita langoni: "Wenzetu wanajua kutunza." Kichwa kinatikiswa, simu inatolewa, na Mombasa inatukanwa kidogo. Mimi naishi Nürnberg, kwa hiyo mji huu ndio matembezi ya lazima kwa kila anayefikia kwangu. Unabadilisha treni Ansbach, unabadilisha tena Steinach, halafu kitreni kifupi kinakushusha nje ya ukuta. Maneno hayo nimeyasikia mpaka yamenichosha.

Si kwamba mji si mzuri. Ni mzuri mno. Watu wake ni kama 11,000 tu, na sehemu ya kale yote bado imezungukwa na ukuta wenye malango na minara. Unapanda ngazi za mawe, unatembea juu kwenye ujia wa mbao ulioezekwa kwa vigae, na hakuna anayekudai tiketi. Upande mmoja una matundu ya kurushia mishale, upande wa pili unachungulia paa na bustani za watu. Ukiwa mrefu, inama, maana boriti ziko chini. Lango la Burgtor lina sura ya mawe iliyoachama mdomo, na inasemwa kuwa humo ndimo lami ya moto ilimwagwa juu ya adui. Watoto hupapenda hapo kuliko kwingine kote.

Lakini kutunza? Rothenburg ilikuwa mji huru uliokuwa chini ya Kaisari moja kwa moja tangu 1274, na ulikuwa tajiri. Mwaka 1631, katika Vita vya Miaka Thelathini, jeshi la Tilly, jenerali wa upande wa Wakatoliki, likauteka. Watalii huambiwa kwamba meya wa zamani, Nusch, aliuokoa usiteketezwe kwa kunywa lita tatu na robo za mvinyo kwa mkupuo mmoja. Ni hadithi tamu, na tangu 1881 wana mchezo wa kuigiza juu yake. Kisichoigizwa ni kilichofuata: mji ulifilisika, biashara ikapita kwingine, na kwa zaidi ya karne mbili hapakuwa na hela ya kubomoa wala ya kujenga. Karne ya 19 miji mingi ya Ujerumani ilivunja kuta zake ili ipate barabara na viwanda. Rothenburg haikuwa na viwanda vya kuipa haraka hiyo. Waliokuja ni wachoraji, nyuma yao watalii, na wenyeji walipoona kwamba uzee unalipa ndipo masharti makali ya ujenzi yakashika kasi. Kwa hiyo anayesema "wanajua kutunza" aanze na ukata. Ukata ndio uliotunza, kama ulivyotunza vichochoro vya Lamu.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wangu hulipita bila kuliona. Tarehe 31 Machi 1945 ndege za Marekani ziliupiga mji huu mabomu. Karibu asilimia 40 ya mji wa kale iliharibiwa, hasa upande wa mashariki, pamoja na kipande kirefu cha ukuta. Wiki chache baadaye mji ulikuwa ulipuliwe tena kwa mizinga. John McCloy, msaidizi wa waziri wa vita wa Marekani, ndiye aliyezuia, kwa sababu mama yake aliwahi kufika hapa na nyumbani kwao kulikuwa na picha ya mji huu. Kwa hiyo kipande kirefu cha ukuta ule unaopigia picha "za enzi za kati" kina umri wa babu yangu.

Ulijengwaje upya? Kwa mchango. Tembea upande wa mashariki usome vibao vilivyopachikwa ukutani: jina la mtu, familia au kampuni, mji wanakotoka, na idadi ya mita walizolipia. Kuna Wajerumani, kuna Wamarekani, kuna Wajapani wengi. Mtu wa Tokyo kalipia mita moja ya ukuta wa Bavaria. Kwetu hiyo ni harambee, na hakuna Mjerumani aliyetufundisha.

Hapo ndipo nawauliza wageni wangu: Gedi umefika? Wengi hawajafika, ingawa wamepita njia ya Malindi maisha yao yote. Gedi ni magofu ya mji wa Waswahili wenye kuta, nao ni wa enzi zile zile. Una ukuta wa nje na wa ndani, msikiti mkuu, jumba la mfalme na visima, na humo zilichimbuliwa vyombo vya kauri kutoka China na shanga za Venisi. Kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwaka huo Rothenburg ilikuwa ikitawaliwa na Heinrich Toppler, tajiri aliyekuja kufia katika shimo la gereza chini ya jumba la baraza lake mwenyewe, mwaka 1408. Hebu fikiria: wakati Toppler anahesabu mashamba yake, mzee wa Gedi alikuwa akizikwa kwenye kaburi la matumbawe lenye tarehe. UNESCO iliiorodhesha Gedi mwaka 2024, na sisi tulioko nje tukaisambaza habari kwenye WhatsApp kwa siku mbili.

Nisije nikaonekana ninazipamba kuta. Ukuta hujengwa ili mtu fulani abaki nje. Gedi, wenye nyumba za mawe walikaa ndani ya ukuta wa pili, na wa nyumba za udongo nje yake. Rothenburg ina Judengasse, mtaa wa Wayahudi, wenye nyumba za karne ya 15. Waliofukuzwa mwaka 1520 hawakurudi kwa miaka mia tatu na zaidi, na wachache waliokuwepo baadaye wakafukuzwa tena Oktoba 1938, wakati Wanazi walipokuwa wakiutangaza mji huu kuwa mfano wa mji wa Kijerumani. Nenda ukatazame mtaa huo baada ya duka la mapambo ya Krismasi linalouza hata mwezi wa Agosti.

Tena uzuri wa Rothenburg una upungufu ambao mtu wa pwani huuhisi bila kuambiwa. Hakuna baraza. Milango imefungwa, maua yako dirishani, na hakuna mzee aliyekaa nje wa kukuuliza wewe ni wa nani. Mabasi yakiondoka jioni, mji unanyamaza. Lamu saa hizo ndiyo kwanza watu wanatoka msikitini, wanasimama kuongea, na punda wanakuziba njia. Nahofia Mji Mkongwe wa Zanzibar unaelekea kule kule Rothenburg iliko, nyumba moja baada ya nyingine ikigeuka hoteli.

Basi wenzetu wana nini? Wana utaratibu wa kupokea hela ya mtu mdogo. Beit el-Ajaib ya Zanzibar, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na wafanyakazi wawili wakafa. Nilimwona mtu mzima analia hapa Nürnberg. Hakuna aliyemwambia atume euro ishirini wapi. Sisi huku tunachanga matanga, mahari na ada za shule kila mwezi, lakini nyumba ya Mombasa inayoanguka boriti kwa boriti hatujaombwa hata shilingi.

Najua jibu: hela zitaliwa. Ndiyo maana nataka vile vibao. Magofu ya Gedi yabaki magofu, siombi yajengwe. Naomba mtaa mmoja tu wa Lamu au wa Mombasa, ukuta upimwe, bei ya mita itangazwe, na jina lipachikwe pale mita inapokamilika. Hesabu ya Rothenburg inaweza kukaguliwa na mtoto wa darasa la tatu: anatembea, anasoma, anajumlisha.