Hii Pikipiki Si Boda Jamani

Tangu ninunue pikipiki nimeitwa boda mara nyingi kuliko nilivyoitwa jina nililopewa na babangu. Yaani mimi mtu wa miaka 43, karani wa kliaringi pale mjini, baba wa watoto watatu, shati nimechomekea na kalamu iko mfukoni, lakini nikisimama tu kando ya barabara kutafuta nyutro (na nyutro yangu haipatikani haraka, inatafutwa kama mwezi wa Idi) nshashikwa bega, "Boda, mpaka Bofu ngapi?" Simjui hanijui, na mguu ushapita siti ya nyuma.

Nilinunua ili nipumzike wallahi. Nakaa Likoni hapa Mombasa, nafanya kazi ng'ambo ya feri, na anayekaa Likoni hahitaji kuelezwa. Matatu mpaka feri, teremka, ingia pale pa kungojea mbanane kama dagaa kwenye gunia mpaka geti ifunguliwe, vuka, tafuta nyingine mpaka Posta, ukifika kazini shati ishakuwa ya jana. Miaka 11 hio. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika mama watoto akataka makochi, mimi nkamwambia makochi hayavuki feri. Hilo neno nalilipia mpaka leo.

Shule ya udereva nayo kituko. Mimi nimekwenda kusomea pikipiki naletewa ubao mkubwa umechorwa barabara na raundabauti, alafu napewa kigari cha kuchezea, ati nikisukume kwa mkono huku nasema kwa sauti naangalia saidi mira, natia indiketa, naingia. Mtu mzima nimeinama hapo kama mtoto wa nasari. Na kwenye ubao huo mimi ni dereva hodari, sijamgonga mtu, sijazima hata siku moja. Shida klachi haiko kwenye ubao.

Klachi nilifunzwa na kijana wa jirani, ana miaka 19, amezaliwa mimi nshaanza kazi, sahii ndo ustadhi wangu. Tukaenda kiwanja cha mpira huko Mtongwe. Akaniambia, "Ami, achilia klachi kama unamlaza mtoto aliyelala kifuani, ukimshtua tu ashaamka." Akili imeelewa, vidole havikuelewa. Nkaachilia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyeona kisu, ikazima. Nkawasha, ikaruka, ikazima. Wale watoto wa mpira wakaacha mpira wakaja wakakaa chini, wengine na maembe mabichi ya pilipili mkononi, wananihesabia, "Kumi na tatu! Kumi na nne!" Ya kumi na tano ikakubali. Ikaenda, jamani, ikaenda kweli, na nilivyofurahi kwenda nkasahau kusimama, manake mkono wa kulia ndo wa mafuta na huohuo ndo wa breki ya mbele na mguu nao una breki yake, nkabaki nafikiri nianze na kipi mpaka nimeingia katikati ya milingoti. Watoto wakapiga kelele, "Gooo!"

Bi mkubwa alipoiona hakusema mashallah, alisema inna lillahi. Alafu akaleta chetezo akaizunguka mara tatu anaifukiza ubani na udi, injini, siti, mpaka tairi, huku anasoma midomo inacheza. Sina neno, dua ya mama ni dua. Lakini udi ule ulikwama kwenye siti, kesho yake nafika kazini nanukia kama bwana harusi, wenzangu wanaulizana kwa macho huyu ameoa wa pili lini.

Sasa aibu yenyewe niliipata Nyerere Avenue. Natoka kazini, jua la saa tisa lile la Mombasa linalokupiga juu na lami inakupiga chini, ndani ya helmeti kichwa kinaiva kama kiazi. Pikipiki ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Napiga kiki, kimya. Napiga kiki mpaka viatu vimeacha mguu. Na unavyojua watu wetu, ukiharibikiwa wote ni mafundi. Wa tuktuk akasema plagi. Muuza kahawa akasema betri, na mkono bado anagonganisha vikombe vyake. Mzee mmoja aliyekuwa anapita zake tu akasimama akasema pikipiki za siku hizi vyuma ni vyepesi, akaenda zake, kama aliyetumwa kuja kuniambia hilo. Nkaisukuma. Ina uzito gani hii kitu wewe usiulize, ukiwa juu yake ni nyepesi ukiwa chini ni ng'ombe. Nimemfikia fundi sioni vizuri, jasho limeingia machoni. Fundi hakuchukua hata spana, akachutama, akapeleka mkono chini ya tangi akageuza kile kikoki, akapiga kiki moja ikanguruma. "Rizavu mzee wangu. Mafuta ya juu yameisha, ya chini yapo." Nkamuuliza ngapi, akacheka akasema, "Hii sichukui pesa, hii ntasimulia."

Na indiketa. Mimi nshazoea kupanda gari za watu, naona ukikunja kona indiketa yajizima yenyewe mkono wa stelingi ukirudi. Kumbe hii yangu usipoizima kwa kidole yaendelea mpaka kiama. Siku moja nimetoka Mapembeni indiketa ya kulia inawaka mpaka nakaribia feri, njia nzima watu wananifungulia ngumi na kuifumba, wanaifungua wanaifumba, nkadhani ni salamu za wenye pikipiki kwa wenye pikipiki, nkawarudishia. Nimewarudishia watu kama kumi hivi. Hata nikafurahi, nkasema watu wa Mombasa wana ukarimu.

Ijumaa ndo usiseme. Kanzu na pikipiki ni mke mwenza na mke mwenza. Ukiiacha ilivyo upepo unaipandisha mpaka kifuani, barabara nzima yaona ulichovaa ndani, ukiikunja ukaikalia unafika msikitini imekunjamana kama uliyelala nayo. Mimi nkaikunja kiunoni vizuri, nimefika nimejiona mjanja, nkateremka upande wa kulia. Upande wa kulia uko na egzosi. Ile alama nnayo mpaka leo kwenye muundi, duara kama muhuri wa forodha. Na kanzu ilipofunguka upande wa pili nyuma ina mstari mweusi wa oili ya cheni, manake kijana wangu aliniambia hewa ya bahari inakula cheni, ipake oili kila mara, nami nkaipaka kama napaka siagi mkate. Nimeswali safu ya mwisho mgongo ukutani.

Lakini yote haya nimesamehe. La boda ndo sijasamehe. Sheria yasema helmeti na rifleta, kile kizibao cha kung'aa, kwangu na kwa nimbebae, nami nkatii, nkanunua helmeti mbili na rifleta mbili za rangi ya ndimu mbivu. Sasa rifleta ndo iliyoniponza. Boda wenyewe nusu hawavai, ameikalia au ameifunga kwenye usukani, mimi nisiye boda ndo nang'aa. Juzi kiongozi wa steji yao akaniita pembeni kwa heshima kabisa, "Mzee wangu, naona wapita hapa asubuhi na jioni, wewe umejiandikisha steji gani?" Namwambia mimi naenda kazini. Akasema, "Sote twaenda kazini."

Majirani nao. Zamani wananiona kwenye matatu hakuna aliyejua natoka saa ngapi, sahii wote wanajua. Mmoja anataka kuteremshwa feri, mwingine ana mtungi wa gesi, shemeji yangu ana kabati, naam, kabati, anasema ni dogo. Mama watoto peke yake ndo hataki kupanda, helmeti yake mpya inaning'inia nyuma haijavaliwa, amesema atapanda siku nikinunua makochi.

Basi Jumanne iliyopita navuka kurudi nyumbani, feri imejaa, watu, mikokoteni, magari, na siku hio maji yamekupwa, na maji yakikupwa ule mteremko wa kutokea feri unakuwa mrefu, na chini kumelowa maji ya chumvi kunateleza kama umemwaga bamia. Mimi mteremko huo nauogopa kuliko mkwe. Manake pale huwezi kusema ngoja nijipange. Mbele watu, nyuma lori, ubavuni mkokoteni wa madafu, wote wanapanda pamoja. Nimetia gia moja, nkaanza kumlaza yule mtoto polepole, akalala, tunapanda, nimefika katikati kuna mtu mbele yangu akasimama kuokota kandambili. Nkasimama. Ikazima. Na ikazima ikaanza kurudi nyuma na lori liko hapo.

Nimekanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zangu zote, mguu wa kushoto uko chini unateleza, honi zinalia, umma wote wa jioni unanipita kushoto na kulia kama mimi ni nguzo, kila mtu ana ushauri, na nyuma ya sikio langu nasikia sauti kali ya mama wa makamo: "Shika Adabu!"

Nkasema, "Nisamehe mama, imezima yenyewe."

"Nimekwambia Shika Adabu, wangoja nini?" Nageuka, mama na buibui lake ashapanda, ashavaa helmeti ya mke wangu, na kwenye mapaja ana trei mbili za mayai zimefungwa kwa leso. Mimi mkaazi wa Likoni miaka yote, mtaa wa Shika Adabu naujua kama sebule yangu, lakini pale kwenye mteremko akili ilikuwa ishahama.

"Mama, mimi si boda."

"Na hio rifleta ni ya harusini?"

Basi vijana wawili wakatusukuma, sijui walitoka wapi, ikawaka, na kwa vile nimebeba mayai ya watu niliachilia klachi vile sijawahi kuiachilia maishani, tukapanda mteremko hata kuku asingejua. Njia nzima sikuvuka gia ya pili. Baiskeli ilitupita. Mama akawa ananipa habari za bintiye aliyejifungua, na bei ya unga, na boda mwingine aliyemwangusha mtaroni akamwambia pole akaondoka na nauli.

Tumefika akateremka upande wa kushoto kama aliyesomea, akahesabu mayai moja moja. Limevunjika moja. Akasema nauli ni mia, akakata kumi na tano za yai, akanipa themanini na tano mkononi. Nkataka kumrudishia, kweli nilitaka, lakini mkono ulikuwa ushafumba. "Wewe waenda polepole," akasema, "boda kama wewe ndo namtaka, lete namba." Na yeye akanipigia hapohapo nisave. Jina hakuniambia, nkaandika nnachokijua.

Usiku wa saa tatu tuko kwenye mkeka twala mahamri na mbaazi zilizobaki, simu iko karibu na mama watoto, ikalia. Akaitazama. Akaitazama tena. Akasoma kwa sauti mbele ya watoto, "Shika Adabu." Alafu akaniinulia macho, "Nani huyo anakupigia usiku kukwambia ushike adabu? Umefanya nini?"

"Ni mteja."

"Mteja wa nini?"

Nkaangalia ukutani. Nkaangalia mahali makochi yangekaa. "Wa... wa kumpeleka tu. Na mayai yake."

Akanyamaza, akafuta mikono kwenye leso, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja midomo inacheza, kama bi mkubwa na chetezo chake. "Themanini na tano kwenda," akasema. "Na kurudi humrudishi?"