Lindi au Mtwara: nafuu ya nani?

Kila ajira mpya za walimu na wauguzi zinapotangazwa, swali huwa ni lile lile. Kijana kapangiwa huku kusini, hajawahi hata kuvuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, na anataka kujua kati ya Lindi na Mtwara wapi maisha ni nafuu, maana huenda akapata wa kubadilishana naye kituo. Wengi humjibu papo hapo: nenda Lindi, kodi ya nyumba iko chini. Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowatesa watu.

Nimeishi miji yote miwili, sasa niko Lindi. Ni makao makuu ya mikoa miwili jirani, kati yake kuna lami ya kilomita kama 110, na mpaka mwaka 1971 yote ilikuwa ndani ya mkoa mmoja. Bahari ni moja. Umeme nao, kwa miaka mingi tumelishwa na mitambo ileile ya gesi ya Mtwara, ikizimika kule na huku tunawasha mishumaa. Bei ya LUKU haibagui mji: mtumiaji mdogo asiyevuka uniti 75 kwa mwezi hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya makato, awe Mtanda ya Lindi au Chikongola ya Mtwara. Kwa hiyo umeme tuuweke pembeni.

Ninachokishikilia ni kwamba huwezi kuuita mji nafuu kabla hujamuuliza mtu pesa yake inatoka wapi. Mwalimu wa Serikali analipwa mshahara uleule Lindi, Mtwara au Mwanza. Akihamia mji wa bei ya chini, tofauti yote inabaki mfukoni mwake. Lakini fundi cherehani, mama lishe, dereva wa bodaboda, kuli wa bandarini, hawa mji ndio mwajiri wao. Mji ukiwa na bei ndogo kwa sababu hauna mzunguko wa pesa, unafuu huo unawarudia wenyewe kama umaskini.

Kuna mahali Lindi inashinda bila ubishi. Chumba na sebule kinapatikana kwa kodi ya chini kuliko Mtwara, na wenye nyumba wengi bado wanakubali kuongea. Ukimwambia baba mwenye nyumba unaweza miezi mitatu badala ya sita, anakaa chini mnaelewana. Mtwara ilionja pesa ya gesi kuanzia 2012 hivi, makampuni ya utafiti yalipoweka kambi bandarini, na madalali walizoea bei za wageni. Wageni wengi wameshaondoka. Tabia ya kudai kodi ya miezi sita, na ya mwezi mmoja juu yake kwa dalali, imebaki.

Halafu kuna mwendo. Hili watu hawalipigii hesabu, na mimi naliona kubwa kuliko kodi. Mtwara ilipimwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa ule mpango wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga, na waliopima walitegemea jiji kubwa. Barabara ni pana kweli, mitaa inapendeza, lakini imeachana: Shangani kule baharini, soko kuu huku, Mangamba kule njia ya kutokea, Naliendele mbali kabisa. Mtu wa kawaida anapanda bodaboda kwenda kazini, kwenda sokoni, kumfuata mtoto. Pesa hiyo inatoka kidogo kidogo kila siku, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua imeenda wapi. Katikati ya Lindi mji ni mdogo na umekaa pamoja. Kutoka stendi mpaka sokoni, mpaka Hospitali ya Sokoine, mpaka ufukweni, unatembea. Watoto wanakwenda shule kwa miguu, na jioni upepo wa ghuba unapanda mpaka vilimani. Mimi hilo nalihesabu kuwa utajiri.

Na samaki. Njoo ufukweni Lindi alfajiri wakati mashua zinaingia. Dalali anamwaga vibua kwenye turubai, anataja bei ya kuanzia, akina mama wakaangaji wamesimama na mabeseni yao wakiangaliana nani ataongeza. Dakika chache fungu limekwenda. Pembeni kuna vijana wenye maboksi ya barafu, hao hawagusi vibua, wanasubiri jodari, kolekole na pweza wa kupeleka Dar es Salaam. Bamvua ikiwa nzuri, maji yakikauka mbali, pweza wanakuwa wengi na hata mwenye pesa ndogo anakula. Kusi likivuma, mwezi wa sita na wa saba, ngalawa nyingi zinabaki nchi kavu na bei inapanda siku hiyohiyo. Mtwara ni hivyohivyo pale feri, ila walaji ni wengi zaidi, na fungu la bei ileile naliona dogo kuliko la kwetu.

Vinavyotoka bara ni hadithi nyingine. Viazi mbatata, vitunguu, nyanya za msimu wa ukame, mchele wa Mbeya, vyote vimesafiri, na vyote vinategemea barabara moja. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara upande wa Somanga, miji yote miwili ilitengwa na Dar es Salaam na kila mtu alijua thamani ya kalavati. Hapo hakuna aliyekuwa nafuu kuliko mwenzake.

Sasa upande wa Mtwara. Mafuta yanayotumika kusini yanashushwa bandari ya Mtwara, kwa hiyo kwenye bei kikomo za kila mwezi za EWURA, mamlaka ya nishati na maji, Lindi huwa juu kidogo, maana kuna usafirishaji. Saruji ya Dangote inatengenezwa Mtwara tangu 2015. Anayejenga Lindi analipia na gari. Kiwanja Lindi utakipata kwa bei ya kueleweka, ila kukisimamisha ukuta kunataka moyo.

Hayo ni madogo. Kubwa ni kazi. Nina mama mmoja namfahamu, mama lishe, alikuwa na meza yake Lindi karibu na stendi. Kodi ndogo, mkaa wa bei nafuu, samaki wa bei nafuu. Akipika wali sahani thelathini, saa nane mchana zimebaki kumi. Alihamia Mtwara karibu na maghala ya korosho. Kodi ikapanda, akalipa kijana wa kumchotea maji, akalipa ulinzi wa vyombo usiku. Msimu ulipofunguliwa alikuwa anapika asubuhi, anapika tena mchana, na makuli wanakula wamesimama kwa sababu mabenchi yamejaa. Aliniambia kuwa Lindi hakuwahi kulala njaa, ila hakuwahi kusogea. Kwa kipimo cha wanaolinganisha kodi peke yake, mama huyu alihama kutoka mji nafuu kwenda mji ghali. Kwa kipimo cha ada za wanawe, alifanya kinyume chake.

Na makuli wale wanaongezeka kwa sababu inayojulikana. Tangu msimu wa 2023/24, Serikali ilipoagiza korosho za kusini zisafirishwe kwa bandari ya Mtwara, malori yanaingia mji ule kutoka Tandahimba, Newala, Masasi, hata Ruangwa na Nachingwea. Angalia majina mawili ya mwisho: hizo ni wilaya za mkoa wa Lindi. Utajiri wa mkoa wetu unapitia makao makuu ya jirani.

Ndivyo ilivyo tangu zamani. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini enzi za Waingereza. Reli ya karanga kwenda Nachingwea ilianzia kwanza Mkwaya, ndani ya ghuba ya Lindi. Baadaye bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, reli ikahamia huko, na miaka ya 1950 ofisi za jimbo zikafuata. Karanga zilishindikana, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini bandari ilibaki, na yenye bandari ndiyo yenye kazi. Leo gesi yetu iko Songo Songo, huko Kilwa. Bandari ya uvuvi imepelekwa Kilwa Masoko. Ufuta na madini viko Ruangwa na Nachingwea. Mkoa ni mpana, zaidi ya kilomita za mraba 60,000, na sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,194,028 tu. Mtwara yenye eneo dogo mno kuliko letu ina watu zaidi ya milioni 1.6. Lindi mjini kumebaki ofisi, na ofisi huleta mishahara ya watu wachache ambayo mwisho wa mwezi hupanda basi kwenda kujenga kwingine.

Nirudi kwa yule kijana mwenye mshahara, maana hata akija Lindi kuna deni lililojificha. Ugonjwa ukizidi uwezo wa hospitali ya mkoa, safari ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyopo Mtwara, au hospitali za misheni za Nyangao na Ndanda. Mtoto wako akimaliza kidato cha sita, vyuo kama Stella Maris na kampasi ya Taasisi ya Uhasibu viko Mtwara. Mwenye nyumba kule mtoto wake anasoma akilala nyumbani, wewe unalipa hosteli. Kwa nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ya Desemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita basi la kawaida, kwenda Mtwara ni kama 5,300. Mgonjwa haendi peke yake. Watu wawili kwenda na kurudi ni zaidi ya 21,000 kabla hamjanunua hata chai, na kliniki ikisema mrudi kesho mnatafuta ndugu wa kuwalaza. Familia yenye mgonjwa wa kudumu itaona ile tofauti ya kodi imemalizikia kwenye kosta, kwenye kiti cha nyuma, pale njia panda ya Mnazi Mmoja mnaposubiri gari lijaze.

Mimi sitaki Lindi ipande bei ndipo ionekane imeendelea. Nataka ipate kazi. Miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya kubangua korosho huku kusini, kimojawapo Lindi, na vingi viligeuka maghala ya kutunzia korosho ghafi zinazosubiri meli. Kila gunia linaloondoka na ganda lake limeondoka na kibarua cha mwanamke wa Mitandi au Rasbura. Tumeambiwa kwa miaka mingi tusubiri mradi wa gesi iliyosindikwa pale Likong'o, hapahapa Lindi, na vijana wamesubiri mpaka wamekuwa wazazi. Kubangua korosho hakuhitaji meli ya kuchimba baharini. Kunahitaji mtaji wa kawaida, umeme usiokatika, na uamuzi kwamba sehemu ya korosho ya Ruangwa na Nachingwea ibanguliwe Lindi mjini kabla ya kwenda Mtwara. Madiwani na wabunge wetu wakisimama kuongelea gharama za maisha, hapo ndipo ningependa waanzie.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyepangiwa kazi na una afya yako na watoto wadogo: njoo Lindi, panga karibu na mji ili uache bodaboda, nunua simtanki mapema maana maji ya bomba yana siku zake, na weka akiba ya safari za Mtwara kila mwezi hata kama hujaumwa. Na wewe unayekuja kutafuta kwa mikono yako, nenda Mtwara, ila fika Septemba, kabla minada ya korosho haijafunguliwa, vyumba vya karibu na bandari vikiwa bado vinapatikana.