Damu ya Nani Hii Ninayokung'uta?

Jamani mwenzenu leo nimeshuka ngazi za stesheni hapa Osaka kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye chuma kama bi harusi anayetolewa nje. Watu wanapita tu, hakuna anayeuliza, si mnawajua. Miguu nimeiacha dojo, ukumbini kwa mazoezi.

Na sikulazimishwa na mtu. Nilisema baba mzima wa watoto wawili lazima niwe na kitu cha jioni zaidi ya simu, nikajiandikisha iaido, sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga. Nikajua tutapigana. Thubutu! Unapiga magoti, unakalia visigino, mgongo wima, unatulia. Dakika ya tatu ganzi, dakika ya tano unaanza kuhesabu madeni. Sensei, mwalimu wetu, ana miaka 79 na anakaa hivyo kama yuko kwenye sofa.

Halafu upanga wenyewe unausujudia kwanza. Bibi yangu Muheza alifyeka shamba zima kwa panga moja, sijawahi kumuona analiamkia.

Sasa mitindo ya shirikisho lao iko 12, miezi minane sasa mimi bado niko wa kwanza. Unaitwa Mae, maana yake mbele, na mbele kwenyewe siendi. Stori yake ni kwamba adui amekaa anakutazama, unahisi anataka kukuua, unamuwahi, unachomoa unamchana usawa wa macho, unamshushia la kichwa, halafu unakung'uta damu na kurudisha upanga kwenye ala taratiiibu bila kuangalia. Adui hayupo lakini. Wa kuwaza tu.

Leo sensei akanisimamisha. "Adui yako yuko wapi?" Mi nikageuka nikatazama, kweli tena, nikatazama mpaka kwenye viatu mlangoni. Wenzangu kimya. Akasema huyo niliyemkata ana urefu wa mita tatu, rudia. Nikarudia, akasema sasa hivi adui ameshainuka kaenda kunywa chai mi bado nachomoa. Rudia. Nikafika kwenye damu nikakung'uta kwa nguvu zote, maana hapo ndo huwa najionaga samurai, akasema huo ni mwavuli. Mwavuli! Miezi minane sijamkata hata nzi, nimekung'uta damu mara elfu na bado nakosea, na hiyo damu ni ya nani? Nilitamani kumuuliza ila Kijapani cha kumuulizia mzee kitu kama hicho sina.

Basi hasira zikanipanda, narudisha upanga kwenye ala, nikachungulia. Panga zetu za mazoezi hazina makali ila ncha wameziacha, ikaingia katikati ya dole gumba na cha shahada. Damu hiyo, ya kwangu, halali kabisa, inadondoka sakafuni. Mzee akaja akaangalia mkono, akaangalia upanga.

"Haya," akasema, "sasa kung'uta."

Nyie.

Sakafu nimeipiga deki mwenyewe. Hakama, ile suruali pana ya mazoezi, ina mikunjo mitano mbele miwili nyuma, ukiikunja vibaya wanakukunjulia uanze upya, nami nimeikunja kama kanga yenye hasira nikakimbia. Serikali yao yenyewe ilipiga marufuku kubeba panga mitaani tangu 1876, watu wakapumzika, mi wa Tandika nani kanituma? Na ada nalipa kila mwezi! Kwa hela yangu!

Kwenye treni wife anapiga video, anaona plasta, anauliza umepigana na nani. Ningesema nini? Akasema haya basi pitia mchele. Mchele wa huku bei yake usiulize, yaani nimesimama mbele ya ule mfuko muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya adui, mkono unauma, magoti yanatetemeka, mwisho nimechukua tambi. Sijui nitaingiaje ndani.