Hapana, sikujizika: stori kamili ya mfuniko wa pikapu

Jamani, kabla hamjaendelea kutumiana ile voisi ya jamaa yangu, anayosema nimejizika kwenye pikapu nikalia masaa matatu, naomba na mimi nisikilizwe. Kwanza sikulia. Pili haikuwa masaa matatu, ilikuwa dakika 40. Kusali nilisali kidogo, hilo sikatai.

Mfuniko wenyewe mnaujua, ule wa kufunika bodi ya nyuma ya pikapu yangu, nimewachosha nao wiki nzima. Plaiwudi ya milimita 18, fremu ya engo, bawaba 3 upande wa kabini, na nyuma kitasa kinachojifunga chenyewe, kinabana mfuniko pamoja na mlango wa bodi, kimoja hakifunguki bila kingine. Shida yangu ilikuwa vumbi. Pikapu ya fowili ikikimbia kwenye barabara ya vumbi, bodi inalivuta lile vumbi la nyuma kupitia upenyo wa mlango, unafika begi limekuwa tofali. Nikazungusha raba kila upande, mbili mbili, na silikoni juu yake, nikawatangazia hapa kwamba hata sisimizi hapiti. Mtanikumbusha hiyo sentensi mpaka nizeeke.

Zilikuwa zimebaki zile shokapu ndogo za gesi za kushikilia mfuniko ukiwa juu, kama za mlango wa buti. Mtu mwenye akili anafunga shokapu kwanza, kitasa baadaye. Mimi nilianza na kitasa kwa sababu ndo kitamu, unasikia "klak", moyo unatulia. Basi nikafunga mlango wa bodi, mfuniko nikautegemeza kwa mti wa fagio (we cheka tu), nikaingia na spana namba 10 na penseli, nikalala chali nitie alama matundu ya shokapu.

Nikanyoosha mguu. Mguu tu jamani, ulikuwa umekufa ganzi. Kisigino kikagusa kitu chembamba na hapo hapo nikajua. Fagio likaanza kuteleza, taratibu, kama mzee anayetafuta pa kukaa, nikaliangalia huku mkono mmoja unaenda kulidaka na wa pili umeng'ang'ania spana kama mali ya urithi, anga yote ikawa mstari, mstari ukawa uzi, halafu ile sauti niliyokuwa naipenda.

Klak.

Giza totoro. Kumbe asipopita sisimizi, mwanga nao haupiti.

Simu iko juu ya kabini, naisikia inaita. Ufunguo wa kitasa ninao mfukoni, tundu lake liko nje. Nikajaribu kuupenyeza ukingoni ili akipita mtu auchukue, wapi, raba mbili mbili. Aliyefunga zile raba sijui alikuwa na ugomvi gani na mimi.

Baadaye sana nikasikia nyayo, na sauti ya jamaa kwenye mlango wa nyumba: "Hodi!"

Na mimi, kwa mazoea: "Karibuuu!"

Kimya.

"Uko wapi?"

"Huku."

"Huku wapi?"

"Kwenye pikapu."

Akafungua mlango wa dereva, akaufunga. "Mbona hamna mtu?"

"Nyuma!"

Akaja akagonga mfuniko kwa kidole, ngo ngo ngo, kama anayekagua tikiti maji. Nikajibu kwa kugonga. Hapo ndo akaanza kucheka, akacheka mpaka miguu ikamwisha akakaa, na alikaa juu yangu, plaiwudi ikalia.

Sasa kuanzia hapa voisi yake ni ya kweli, siwezi kupinga.

"Nati za bawaba umeziweka upande gani?"

"Ndani. Mwizi asifungue."

"Na spana iko wapi nikutafutie?"

Nilinyamaza muda mrefu sana.

"Nimeuliza spana iko wapi?"

"Ninayo."

"Unayo wapi?"

"Mkononi."

Dakika 40, watu wangu. Nimeishika dakika 40, nati ziko juu ya paji langu la uso.

Nikafungua kwa kupapasa, akainua upande wa kabini, nikatoka na silikoni kwenye nywele, akaniambia pole, akaaga, kumbe voisi ishafika kwenye magrupu yote.

Shokapu nimefunga. Kamba ya kufungulia kutoka ndani nayo nimeweka, rangi ya chungwa. Na wewe uliyenitumia picha ya fagio saa 11 alfajiri, nimeiona.