Mkimtimua Rhule, nani aje?

Ijumaa ile ya baada ya Sikukuu ya Shukrani, Novemba 2025, nilikuwa zamu ya asubuhi. Kwenye korido yangu, chumba cha mwisho, anakaa babu mmoja wa miaka themanini na ushei ambaye kila kitu chake ni chekundu: blanketi, kofia, soksi, hadi kikombe cha kuwekea meno. Ratiba ya mechi za timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, ya Chuo Kikuu cha Nebraska, ameibandika kwenye mlango wa choo ili asisahau, maana siku hizi anasahau. Nilikuwa namlisha viazi vya kuponda na mabaki ya bata mzinga, kijiko kwa kijiko, huku Chuo Kikuu cha Iowa wanatuchapa kwenye televisheni. Mwanawe alisimama dirishani muda wote, kiti hakukigusa. Ilipofika robo ya nne akageuka na kusema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Kesho asubuhi yule awe ameshafungasha."

40-16. Nyumbani, hapahapa Lincoln, kwenye uwanja ambao tiketi zake zimekuwa zikiisha kila mechi tangu 1962.

Yule ni Matt Rhule, kocha wetu, na tangu siku hiyo sijapata raha. Foleni ya dukani, ni Rhule. Chumba cha kubadilishia nguo kazini, ni Rhule. Jumapili baada ya ibada yetu ya Kiswahili, chai na maandazi vipo mezani, nikadhani nimefika salama. Wapi! Kuna kaka mmoja wa Bukavu ambaye miaka sita iliyopita alikuwa akiniuliza kwa nini mchezo huu unaitwa wa miguu ilhali wanaukumbatia mpira kama mtoto mchanga. Leo ana hasira kuliko wenyeji. Atimuliwe! Dada wa Bujumbura: atimuliwe! Mzee wa kanisa, mtu wa huruma ambaye hajawahi kumwondoa hata mwanakwaya mmoja anayeimba ovyo, na tunao: atimuliwe. Nikaweka kikombe chini, nikauliza swali moja tu. Nani aje?

Kimya. Halafu kutoka kule nyuma karibu na birika, mtu akasema, "Frost arudi."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Nilipofika nyumbani ndipo hasira ikanishika, kwa sababu Scott Frost ndiye aliyenifundisha kunyamaza kwenye mijadala hii. Desemba 2017 alipotangazwa kuwa kocha wetu, mimi nilipiga vigelegele. Nani asingepiga? Mtoto wa nyumbani, kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi) wa ubingwa wa 1997, na timu aliyokuwa akiifundisha, Chuo Kikuu cha Central Florida (UCF), ilikuwa haijafungwa hata mechi moja msimu ule. Tulimpokea kama bwana harusi. Akaondoka na ushindi 16 na vipigo 31. Mwaka 2021 pekee tulifungwa mechi tisa, na hakuna hata moja tuliyopoteza kwa zaidi ya pointi tisa. Ni kuchinjwa kwa kisu butu, mara tisa.

Agosti 2022 wakaenda kuanzia msimu Dublin. Tunaongoza 28-17 dhidi ya Northwestern, mambo shwari, mara kocha anaamuru upigwe ule mpira mfupi wa kubahatisha, eti tuudake wenyewe. Kwa nini? Mpaka leo sijui. Wakaudaka wao, wakaamka, tukalala 31-28. Wiki mbili baadaye Georgia Southern wakaja kwetu wakatupiga 45-42. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu, nikasingizia vitunguu.

Kesho yake, Septemba 11, akafukuzwa. Hapo nami nilishangilia, sikatai. Nilichokisoma jioni yake ndicho kilichonikata maini. Mkataba ulisema akifukuzwa kabla ya Oktoba 1 analipwa dola milioni 15. Akifukuzwa kuanzia Oktoba 1, milioni 7.5. Zilibaki siku ishirini! Watu wazima, wenye wanasheria, walishindwa kuvumilia siku ishirini, wakatupa milioni saba na nusu. Mimi nalipwa kwa saa. Nikichelewa kugonga kadi dakika saba, mashine inanikata bila kuniuliza habari za nyumbani.

Kwa hiyo ninaposikia "atimuliwe", kichwani mwangu sauti inaniuliza: kwa shilingi ngapi, na atakayesaini ni nani?

Turudi nyuma kidogo, maana ugonjwa huu haukuanza na Frost. Babu wa chumba cha mwisho anaweza akasahau jina la mwanawe, lakini akili ikimkaa sawa, Novemba 2003 anaisimulia kama mechi ya jana. Kocha alikuwa Frank Solich. Miaka miwili kabla alikuwa ameifikisha timu kwenye mechi ya kuwania ubingwa wa taifa. Msimu ule wa 2003 alishinda tisa, akafungwa tatu. Ijumaa kawapiga Colorado, Jumamosi kafukuzwa. Kosa lake kubwa ni kwamba hakuwa mtangulizi wake, Tom Osborne, ambaye katika miaka 25 ya ukocha hakuwahi kushinda mechi pungufu ya tisa kwa msimu. Mtu gani anaweza kurithi kiti kama kile asionekane mfupi?

Babu anasema wiki zile alikuwa akipiga simu redioni. Yeye mwenyewe. Alikuwa na gereji, akawa anapiga simu akiwa chini ya gari, mikono ina grisi, anawaambia watangazaji kwamba Nebraska haiwezi kukubali kuwa timu ya kawaida. "Nilisema hivyo, binti. Timu ya kawaida." Halafu ananitazama kwa yale macho yake ya majimaji na kuniuliza, "Sasa hivi tuna timu gani?"

Mimi namjibu ale viazi.

Solich alikwenda zake Chuo Kikuu cha Ohio akafundisha misimu 16 kwa amani ya Bwana. Sisi tukampata Bill Callahan, na mwaka wake wa kwanza tukamaliza na vipigo vingi kuliko ushindi kwa mara ya kwanza tangu 1961. Mwaka 2007 Kansas wakatupiga 76. Sabini na sita! Akaja Bo Pelini: misimu saba, hakuna hata mmoja alioshinda mechi pungufu ya tisa. Alikuwa na mdomo mchafu, hilo sitamtetea, nimewahi kuzima redio mtoto asisikie. Kafukuzwa 2014. Mike Riley, mpole kama maji ya mtungi, ushindi 19, vipigo 19. Frost mmeshamsikia. Pangeni orodha hiyo ukutani mwenu mniambie ni mara ngapi aliyekuja alimzidi aliyetoka. Ndiyo, Pelini alimzidi Callahan. Haya, mara moja. Tena huyo huyo tukamtimua.

Sasa nije penye kidonda. Wanaodai kocha afukuzwe wanazungumza kana kwamba kufukuza ni adhabu. Kwa watu hawa kufukuzwa ni kiinua mgongo cha kifalme. Kocha Jimbo Fisher alifukuzwa chuo cha Texas A&M Novemba 2023, siku moja baada ya kushinda 51-10, na mkataba ukadai alipwe zaidi ya dola milioni 75 kwa ajili ya kutofanya kazi. Linganisheni na hili: tangu Julai 2025, vyuo viliporuhusiwa hatimaye kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kikomo cha mwaka wa kwanza kiliwekwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kizima. Chuo kizima, jamani. Wa futiboli, wa kikapu, wasichana wa voliboli, waogeleaji, wote. Mtu mmoja anayekaa nyumbani kwake anakatiwa zaidi ya mara tatu ya hao wote. Na vijana hawa kabla ya 2021 walikuwa hata hawaruhusiwi kuuza sahihi zao! Kijana angepewa pesa kidogo na mfanyabiashara wa mjini, angefungiwa. Kocha akipewa milioni 75 asifanye kazi, eti ni mkataba, na mikataba lazima iheshimiwe.

Na hiyo mikataba haikushuka na mvua. Kuna mtu aliketi mezani, akavuta kalamu, akasaini. Trev Alberts, mkurugenzi wetu wa michezo aliyemfukuza Frost siku ishirini kabla ya wakati, mwaka 2024 alihama kwenda ukurugenzi mahali pengine. Wapi? Texas A&M. Sijatunga. Kocha akishindwa anafukuzwa na kulipwa. Mkurugenzi anapanda cheo. Anayebaki na bili ni yule mwenye kofia nyekundu anayenunua tiketi kila mwaka kwa sababu baba yake alikuwa akinunua.

Rhule mwenyewe mnamtazama kama mwizi, lakini Oktoba 30, 2025 alikuwa lulu. Chuo cha Penn State walikuwa wamemtimua kocha wao James Franklin katikati ya msimu, miezi tisa tu baada ya kuwafikisha nusu fainali ya taifa (nao wana kichaa chao). Rhule alicheza pale ujana wake, uvumi ukavuma, viongozi wetu wakashikwa na tumbo joto, haraka haraka wakamwongezea miaka miwili, hadi 2032. Mimi nilikuwa nahesabu. Wino haujakauka, mechi nne zilizofuata tumepoteza tatu: Chuo Kikuu cha Southern California (USC), Penn State haohao, na Iowa. Hapo wa kumuuliza ni Rhule aliyepokea, au aliyempa?

Haya, niwape kidogo mnachotaka. Rhule aliuza sera ya mwaka wa tatu. Chuo cha Temple alianza na ushindi 2 na vipigo 10 (2-10), mwaka wa tatu timu ikashinda kumi. Baylor alianza na 1-11, mwaka wa tatu ikashinda 11. Sisi tulikwenda 5-7, 7-6, na msimu wa kawaida wa 2025 tukamaliza 7-5. Mwaka wa tatu umekuja na kupita bila kubisha hodi. Hilo linaniuma, na yeye ndiye aliyelinadi. Ulinzi wetu dhidi ya mbio za katikati ulikuwa mlango wa banda la mbuzi, kila mtu anaingia. Mkimbiaji wetu Emmett Johnson alikimbia zaidi ya yadi 200 siku ile ya Iowa na bado tukachapwa kwa pointi 24. Nilimwonea huruma kijana wa watu. Kwotabeki wetu Dylan Raiola alivunjika mguu Novemba 1, tukamaliza na mtoto wa mwaka wa kwanza, TJ Lateef, lakini Lateef hachezi ulinzi, kwa hiyo kisingizio hicho nusu yake sikinunui.

Ila ukimfukuza leo, kesho yake kinachotokea si kocha mpya. Wachezaji wanaanza kutazama kwingine, na simu zinaanza kuita bwenini. Vijana wa sekondari waliokuwa wamekubali kuja wanabatilisha. Mama mmoja amemkabidhi mwanawe kwa kocha aliyekuja kuketi sebuleni kwake, akala chakula chake, akamwahidi kumlea. Mama huyo hakuchagua chuo, alichagua mtu. Kocha mpya anaingia Desemba anakuta nusu ya kabati tupu, anaomba miaka mitatu. Miaka mitatu! Halafu sote tunakutana tena kwenye birika la chai.

Ndugu yangu wa Temeke, Simba damu, anasema sisi wa huku tumekuwa wazito. Wao walipigwa 5-1 na Yanga Novemba 2023, siku mbili tu kocha Robertinho hayupo. Nikamuuliza, na baada ya hapo ligi mmechukua lini? Mtandao ukakatika ghafla, si unajua mitandao.

Rhule abaki. Abadilishe wasaidizi wake, atafute watu wa kusimama katikati ya ulinzi, anyamaze kidogo kwenye mikutano ya waandishi. Na mwaka wa nne ukiwa kama huu, mimi mwenyewe nitauliza bei yake, lakini nitauliza na jina la aliyesaini.

Siku ile ya Iowa, mwanawe alipoondoka, babu alikuwa ameshalala tangu robo ya tatu, rimoti kifuani. Nilipunguza sauti, nikafuta kidevu chake, nikavuta blanketi. Akafungua macho.

"Ilikuwa ngapi?"

Mwaka 2023 Iowa walitufunga 13-10 mwishoni kabisa. Mwaka 2024 wakatufunga 13-10 tena, vilevile.

"Kumi na tatu kwa kumi," nikamwambia.

"Wao?"

"Wao."

"Kwa teke la mwisho?"

"La mwisho, babu."

Akavuta pumzi ndefu, akageukia ukutani. "Basi tulikuwa karibu," akasema. "Apewe muda yule kijana."