Kiziwi Mmoja Katika Darasa la Watoto Themanini

Wanaotetea elimu jumuishi wana hoja nzito, na serikali yetu ya Tanzania ilishakubaliana nao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tuliuridhia mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikatungwa 2010. Wanachodai ni kwamba mtoto mwenye ulemavu asitengwe, asome shule ya jirani na wenzake wa mtaani, jioni arudi kwao. Shule maalumu za viziwi ni chache na zimetawanyika: Tabora ilianza 1963, Buguruni 1974. Kwa mzazi wa Newala, kumsomesha huko ni kumpeleka bweni mtoto wa miaka saba na kumwona likizo. Na hiyo likizo mnabaki kutazamana, maana lugha ya alama aliyojifunza hamuijui.

Kwa mtoto mwenye ulemavu wa viungo sina ubishi: jengeni njia ya mteremko, rekebisheni choo, asome papo hapo. Kiziwi habari yake ni nyingine, kwa kuwa anachokikosa darasani ni lugha yenyewe. Mwalimu wa Sayansi anaeleza mzunguko wa maji huku kaugeukia ubao. Aliyekuwa akifuata midomo kaachwa hapo hapo. Anachoweza ni kunakili. Daftari lake ni safi kuliko ya wote, vema zimejaa, lakini muulize mvuke ni nini, hana habari. Kwenye takwimu lakini huyu anahesabiwa kuwa amejumuishwa! Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Ni jambo jema, ila dakika hazimsaidii mtu ambaye swali lenyewe halielewi.

Bweni, pamoja na upweke wake, ndiko lugha ilikokulia. Wakubwa waliwarithisha wadogo alama wakati wa kufua, kula na kupiga soga, na ndiyo maana alama za shule moja zinaweza kutofautiana na za nyingine. Hata huko mambo si shwari: si ajabu kukuta mwalimu anayezidiwa na wanafunzi wake kwa lugha ya alama, na mhitimu akitoka anakuta mtaa mzima haujui kuzungumza naye. Mkataba ule ule unaodai ujumuishi unazitaka nchi zikuze lugha ya alama na utambulisho wa kilugha wa viziwi. Wanaharakati wengi hunukuu nusu ya kwanza tu.

Mimi naegemea kwenye kitengo: viziwi kadhaa pamoja ndani ya shule ya kawaida, wafundishwe kwa alama, kisha wachanganyike na wengine paredi, michezoni na kwenye masomo ya vitendo. Wanaosikia nao huokota alama haraka, hasa za matusi. Lakini kitengo cha mwalimu mmoja ni cha kubahatisha. Akihamishwa au akienda likizo ya uzazi, watoto wanakaa tu. Chuo cha Patandi, Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Halmashauri ikimpokea mmoja wao kisha ikampa Hisabati darasa la sita kwa sababu ya upungufu wa walimu, kitengo kinabaki kibao mlangoni. Wapangwe wawili wawili kila kitengo, na barua zao za ajira zitaje wazi kazi waliyosomea.